Somo la Kukaa Chini

Junda, Kisauni
10 Februari 2025

Dada yangu Barke,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mguu umetulia na jicho linaona. Utashangaa kupata karatasi kwa mkono wa Sabah, muuza leso, badala ya ujumbe wa simu. Simu yangu imeharibika. Nilianguka nayo uani ikapasuka, na mimi nikaumia kidogo usoni. Unatujua sisi na kuanguka.

Ndiyo maana hukuniona kwenye kipindi cha Jumatano. Najua Mwalimu Kazungu aliita jina langu, nyote mkangoja. Inaniuma. Tangu nianze kukaa na nyinyi kwenye kundi letu la Pumziko Letu, kila mtu ndani ya kidirisha chake kwenye simu, mmoja yuko Nakuru, mwengine Malindi, wewe hapo ng'ambo Bofu, nilikuwa nimeanza kujiona mtu. Kabla ya hapo niliambiwa nina taifodi, nikaambiwa sina damu, nikaambiwa nina pepo, na mama mkwe akasema sina chochote ila sitaki kazi. Hata daktari aliponitajia MS, huu ugonjwa wetu wa mishipa ya fahamu, sikuelewa, mpaka siku ile ya kwanza ulipotuchekesha, ukasema ndani ya miili yetu kuna waya wa pasi uliotafunwa na panya. Stima ipo, lakini inamwagikia njiani, pasi haipati moto. Nilimweleza mume wangu kwa maneno hayo hayo. Ngumbao anachomea vyuma, nyaya anazijua, nilidhani itamwingia. Haikumwingia.

Dada, naomba kitu kimoja. Niandikie masomo kwa mkono, yale ya uchovu hasa. Kuna siku nalala usiku kucha na naamka kama mtu aliyeshusha simiti bandarini. Mweri ana miaka minne. Ananivuta kidole, "Mama amka, jua limetoka kitambo." Nikijua namna ya kuigawa siku, naweza kumpikia na kumwogesha, na ikabaki nguvu ya kumwimbia. Hicho tu ndicho ninachotaka. Sikuomba kupona.

Mpe Sabah majibu. Ngumbao hawezi kumshuku muuza leso.

Mdogo wako,
Kafedha


Bofu, Likoni
14 Februari 2025

Mdogo wangu Kafedha,

Marahaba. Ulipokosekana Jumatano nilimwambia Mwalimu labda umeolewa tena. Wote wakacheka, mimi sikucheka.

Haya, masomo. Nimeyaandika kwenye karatasi yake peke yake, kwa herufi kubwa kwa sababu jicho langu la kushoto siku hizi laona mistari miwili pale penye mmoja.

La kwanza, pumzika kabla hujachoka. Ukingoja uchoke, umechelewa. Kaa ukiwa bado wajiweza, watu waseme watakavyo.

La pili, kazi ikatwe vipande. Nazi ikune nusu, ukae, umalizie baadaye. Ukienda mahali, jua mapema utakaa wapi njiani.

La tatu, joto ndilo adui yetu. Haliui, lakini likipanda jicho laingia giza na miguu yakufia hapo hapo ulipo. Mchana usisimame juani. Lowesha leso uifunge shingoni.

La nne, waambie watu wa nyumbani waziwazi unachohisi, wasikudhanie.

Sasa niache mambo ya Mwalimu niseme yangu. Kafedha, mguu wako mbovu ni wa kushoto. Sote wa mguu wa kushoto twaanguka kushoto, mimi mwenyewe nyonga yangu ya kushoto ni ramani ya makovu. Sabah aniambia jicho lililofunga ni la kulia, na shingoni pana alama. Sakafu haina vidole, mdogo wangu. Tena waniambia mumeo hawezi kumshuku muuza leso. Mume wa kushuku wauza leso ni mume gani huyo?

Usinifiche. Niandikie.

Ni mimi dadako,
Barke


Junda
19 Februari 2025

Dada Barke,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni, ndipo mahali pekee hapa nyumbani penye komeo.

Ni kweli. Sakafu haina vidole.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, Mweri amelala. Nikajinyoosha kitandani, nikaweka simu juu ya mto, nikafungua yale mazoezi ya kupumzika. Unaijua sauti ya Mwalimu, ile nzito ya polepole. "Lala chali. Fumba macho. Legeza mabega. Legeza nyonga. Uzito wote niachie mimi." Nami nikaachia, dada. Pengine hata niliguna, maana mwili ulikuwa haujaonja raha tangu Krismasi. Huko karakana kwao stima zilikuwa zimepotea, Ngumbao akarudi mapema. Alisimama nyuma ya pazia. Sijui alisikiliza kwa muda gani.

"Kazungu yupi huyo?" ndilo neno la kwanza, maana jina liko pale kwenye kioo.

Nikamwambia ni mwalimu wa ugonjwa wangu.

"Mwalimu gani anakulaza chali?"

Nikajaribu kucheka. Nikasema, baba Mweri, Kisauni nzima ukiita Kazungu nusu ya wanaume watageuka. Nisingecheka. Aliichukua simu akaiweka kizingitini, akaiponda kwa nyundo ya kazi, taratibu, kama mtu anabangua korosho. Mwalimu aliendelea kuniambia nivute pumzi mpaka kioo kikaingia ndani. Kisha akanigeukia mimi. Nyundo aliiweka chini kwanza. Unaona nilipofika, dada? Nimemshukuru kwa kuweka nyundo chini.

Alinibana koo kwa mkono mmoja, wa pili ukafanya kazi. Sikupigana. Si kwamba sikutaka, mikono haikuja nilipoiita. Mweri aliamka akaingia uvunguni, akawa ananiita kutoka huko kwa sauti ndogo, "Mama, njoo huku, kuna nafasi."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa nasema kama mtu mzima mwenzako. Kaka yako Mahfudh, yule uliyetusimulia alivunja taya ya mtu kwa kugombania nafasi kwenye feri, usimwambie. Ngumbao akiguswa, atakayelipa ni mimi. Nakukataza, Barke. Niandikie masomo, hayo ndiyo ninayoyahitaji.

Mdogo wako,
Kafedha


Bofu
22 Februari 2025

Kafedha wangu,

Nimesoma nikavunja kikombe. Sikukiangusha, nilikitupa ukutani. Wallahi natamani kumwona huyo mtu amekaa kwenye vumbi akitafuta meno yake kwa vidole.

Somo la wiki hii ni fupi, hasira nayo ni kazi, yala nguvu kuliko kufua mablanketi. Mwalimu aliposema hivyo nikazima simu. Mimi hasira hainichoshi, yanipa miguu.

Mahfudh ana shughuli huko kwenu Ijumaa. Ataka kutengenezewa geti, basi. Usiwe na wasiwasi. Lala.

Dadako,
Barke


Junda
5 Machi 2025

Barke,

Leo sikuamkii.

Geti gani? Walikuja watatu na vipande vya mbao, wakamtoa Ngumbao karakana mbele ya vijana wake wa kazi. Wamemtoa meno ya mbele. Wamemkanyaga mkono wa kulia mpaka vidole vikafura kama mihogo. Ndugu yako akamwambia, "Ukimgusa Kafedha tena, twarudi." Jina langu, Barke. Alilitaja jina langu.

Alirudi nyumbani kinywa kimejaa damu. Akatabasamu nayo. Akaniambia, "Nimeambiwa nisikuguse. Basi sikugusi." Akaanza kupekua nyumba kwa mkono mmoja, godoro, sanduku, nguo za mtoto, mpaka akafika kwenye debe la unga. Barua zako mbili za maneno nilikuwa nimeshazichoma. Karatasi ya masomo sikuichoma kwa kuwa niliihitaji. Akaisoma yote, amesimama, damu inadondokea herufi zako kubwa.

Kesho yake saa sita mchana akanitoa uani. Unajua ua wetu, kulia mabati, kushoto mabati, chini simiti. Akaweka kiti kivulini, akakaa, akasema, "Simama."

Nilisimama. Ilianza miguuni, kama miguu imechovywa kwenye maji yanayochemka kisha imesahauliwa huko. Halafu jicho la kulia likaingia giza kutoka pembeni, kama unavyofunga pazia. Nikamwomba. Akasema, "Hapa pameandikwa haliui." Mweri akaja na kikombe cha maji, anatembea pole pole asimwage. Babake alikipokea, akamshukuru, akakinywa. Nikajikojolea, dada. Mbele ya mtoto. Nilipoanguka akaniinua kwa nywele. "Huku si kukugusa," akasema, "huku ni kukuinua." Akanisimamisha tena.

Na sasa hawezi kufanya kazi kwa ajili ya ule mkono mliomvunja, yuko nyumbani kila siku. Kila siku saa sita ikifika ananiambia simama. Nikikataa anamwangalia Mweri. Jirani akitupa jicho juu ya mabati anaona mwanamke amesimama kwake uani na mumewe amekaa kivulini. Kosa liko wapi hapo?

Ulipima nguvu za nani ulipomtuma ndugu yako? Zako? Mwalimu amesema hasira inakula nguvu, wewe ukazima simu, zikaliwa zangu.

Nimekugombeza kwa kuwa bado nakuhitaji, ningekuwa sikuhitaji ningenyamaza. Sabah nimemwonyesha Gladys, jirani yangu anayeuza mahamri na mbaazi barabarani. Likitokea jambo, pitishia kwake.

Kafedha


Junda
9 Machi 2025

Kwa mama Barke wa Bofu,

Salamu sina. Mimi ndiye Ngumbao, mume wa Kafedha. Naandika kwa mkono wa kushoto na unajua sababu.

Muuza leso wako nimemsimamisha njiani. Mzigo wake nimeutia moto mbele ya macho yake, nimembakishia barua hii tu akuletee. Njia ya Junda imefungwa.

Nasikia mimi ni mnyama. Nikuulize jambo. Krismasi Kafedha alicheza kanisani mpaka jasho likamtoka, watu wakampigia makofi. Siku iliyofuata hawezi kuosha kikombe. Wiki nyengine anabeba maji, wiki nyengine kijiko kinamtoka mkononi mbele ya wageni wangu. Ni ugonjwa gani unaochagua siku? Mimi nimechomea mageti na homa. Nimechomea na cheche ndani ya jicho. Hakuna aliyeniambia nilale chali nimwachie uzito. Nilimkuta mke wangu mchana amefumba macho anamgunia mwanamume mwengine kwenye mto wangu, na nyinyi mnaita hilo somo.

Uliandika joto haliui. Basi halimuui. Simpigi. Nampa mazoezi. Akikubali kwamba ni uvivu, atakaa kivulini siku hiyo hiyo. Nimemwambia. Hataki kukubali.

Ndugu yako akirudi Junda atatoka kwa gunia.

Ngumbao


Bofu, Likoni
13 Machi 2025

Kafedha,

Barua hii nampa Sabah, Sabah ampa Gladys ndani ya mfuko wa mbaazi. Sabah bado alia kwa zile leso zake, lakini amekubali kuja mpaka barabarani.

Mumeo ameniandikia. Nimeisoma nikaacha kulia, maana niliona mtu huyu hatachoka. Alikuwa angoja tu mtu ampe sababu, nami nikampelekea kwa mikono ya ndugu yangu. Sikuombi unisamehe sasa, huna nguvu za kutumia kwangu.

Mwezi huu wa Ramadhani watu wafunga, mimi daktari amenikataza. Nala nyuma ya mlango kama mwizi, kwa kuwa nikitoka barazani wenzangu huniangalia, mzima huyu ala mchana. Hapo ndipo nimekuelewa. Ugonjwa wetu hauna jeraha la kuonyesha. Mtu akitaka kukuua nao, hakuna atakayeona kisu.

Mahfudh nimemwambia akivuka feri kuja huko mimi si dadake. Ameapa.

Niambie nifanye nini. Nitafanya hilo, na sitaongeza langu.

Barke


Junda
17 Machi 2025

Dada Barke,

Shikamoo. Nimekuamkia, umeona.

Mkono wake umepona kiasi, Jumatano anarudi kazini. Alhamisi asubuhi natoka na Mweri. Nataka kwenda polisi kwanza, nikiwa bado na alama za kuonyesha, kisha hospitali, kisha popote utakaponipeleka. Siwezi kukimbia. Hata kutembea mpaka barabara kuu kwa mkupuo mmoja siwezi. Kwa hivyo nimekata njia vipande, kama ulivyoniandikia. Kutoka mlangoni hadi barazani kwa Gladys, hapo nakaa. Kutoka kwa Gladys hadi kwenye jiwe la bombani, hapo nakaa. Kutoka bombani hadi kwenye benchi la kinyozi pale barabarani, hapo nakaa nikungoje. Nitakaa kila mahali hata nikihisi nina nguvu. Hapo ndipo penye kazi kubwa zaidi, dada, kukaa na huku moyo unasema kimbia.

Wewe njoo na tuktuk, usimame ng'ambo ya kinyozi. Usishuke. Usiteremke huku chini hata ukisikia kelele. Mtu mwengine yeyote asije nawe.

Gladys nimemweleza. Unajua alisema nini? "Mimi nilidhani umeshika dini ya kusimama." Tulicheka, kisha akaanza kupiga mabati kwa ngumi.

Tangu jana nalala. Nalala kwa bidii. Nimelegeza mabega, nimelegeza nyonga, naweka akiba. Ngumbao ananiita gogo. Leo amenimwagia ndoo ya maji ya vyombo hapo hapo kitandani, na vipande vya ugali ndani yake. Sikuinuka. Maji yalikuwa baridi, mwili ukashukuru, jicho likafunguka. Hakujua amenisaidia.

Mweri nimemwambia tunaenda kupanda tuktuk ya kijani. Ameuliza kama baba atakuja. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi kuna nafasi."

Mdogo wako,
Kafedha


Bofu
18 Machi 2025

Mdogo wangu,

Alhamisi. Tuktuk nimeipata, ya kijani kweli, dereva ni mpwa wa Sabah na hapendi kuzungumza. Nitakuwa na chupa za maji ya barafu na leso mbili mbichi. Sishuki.

Barke


2 Mei 2025

Ngumbao,

Mahali sitaandika. Usipatafute.

Wakili wangu amesema si lazima nikuandikie, na dada Barke amesema ni wazimu. Naandika kwa kuwa ulizirai na hukuona mwisho, na sitaki usimuliwe na watu.

Siku ile stima zilipotea tena karakana kwenu. Nilifika benchi la kinyozi. Nilikuwa nimekaa kila mahali nilipopanga kukaa, na nilipofika pale nilikuwa bado najiweza. Tuktuk niliiona ng'ambo ya barabara, malori yamejaa katikati. Nikasema nitapumua kidogo ndipo nivuke. Hapo ndipo ulipotokea na kile kipande cha chuma.

Ulinipiga begani kwanza. Mfupa wa bega ulivunjika, daktari amesema utashika lakini mkono hautapanda juu ya kichwa tena. Nilianguka nimemkumbatia Mweri, nikakaa kwenye vumbi, mgongo kwenye mguu wa benchi. Ukainua chuma ukaniambia, "Simama."

Nadhani watu walikuwa bado wanafikiri ni mambo ya mke na mume. Kinyozi alikuwa mlangoni na mashine inalia mkononi, mteja wake nusu kichwa. Ukasema tena, "Simama, Kafedha." Na miguu yangu, Ngumbao, ilikuwepo. Nilikuwa nimeilalia siku nne. Ningeweza kusimama. Nikakuangalia nikakwambia, "Sisimami." Kisha nikawaambia wale watu kwa sauti yote niliyokuwa nayo, huyu hunisimamisha juani kila siku mpaka naingia giza na kujikojolea, kwa sababu mimi ni mgonjwa, na leo nimekaa.

Ukanipiga la pili. Hilo lilinipata mkono niliomfunika nao mtoto. Halikumpata yeye.

Wa kwanza kukufikia alikuwa Gladys na sufuria lake la mbaazi, la moto, mbaazi na yote. Wewe ulianguka unashika uso. Baada ya hapo unajua Kisauni. Mtu mmoja akisema "muueni," hakuna anayeuliza kosa. Mawe yalitoka wapi sijui. Kinyozi aliyekuwa anatazama tu ndiye aliyekukanyaga kichwa. Mtu ambaye hata jina langu halijui alikuja anaburuta tairi. Mwengine akauliza nani ana petroli, kwa sauti ya mtu anayeuliza nani ana chenji.

Nilikuwa nimebakisha nguvu za kuvuka barabara. Nilikuwa nimezipima. Zilikuwa za hapo hadi kwenye tuktuk na si zaidi, na dada Barke alikuwa anaita jina langu, mlango uko wazi.

Mweri aliniuliza, "Wanampikia baba?"

Nikaacha njia yangu. Nikatambaa. Sikutembea, nilitambaa kwa mkono mmoja katikati ya miguu ya watu, nikajilaza juu yako. Ulikuwa unatoa mapovu mekundu. Wakanipiga teke wawili watatu kabla hawajanitambua. Nikawaambia wamwage petroli tukiwa wote, mtoto wangu atazame vizuri. Wakasita. Nikawaambia, mimi ndiye niliyepigwa, na mimi nasema basi. Walipobishana bado, jicho langu lilikuwa limeshaingia giza, nilikuwa nazungumza na sauti tu. Dada Barke aliniambia baadaye kwamba alishuka kwenye tuktuk. Nilikuwa nimemkataza. Alivuka na fimbo yake kati ya malori, haoni vizuri, akaja akakaa chini kando yangu kwenye vumbi, na buibui lake jeupe kwa udongo. Gladys naye akaja akakaa. Sabah alikuwa hapo mahamrini kwa Gladys, naye akaja. Ni vigumu kumchoma mtu aliyezungukwa na wanawake waliokaa. Askari wakafika.

Usinielewe vibaya. Sikufanya hivyo kwa mapenzi, na sikukusamehe. Mweri alikuwa anatazama, na ameshaona ya kutosha kutoka uvunguni. Sikutaka akue akijua harufu hiyo ni ya babake.

Umeuliza tena kwa mdomo wa mama yako swali lile ulilomwandikia dada Barke, ni ugonjwa gani unaochagua siku. Nakujibu mara moja. Ni huu. Siku ya Krismasi nilicheza kwa sababu nilikuwa nimelala siku mbili kabla yake, nikitaka unione nacheza. Nilikuwa nakuchezea wewe. Nililipa wiki nzima. Na zile siku nne ulizoniita gogo, nilikuwa nafanya kazi nzito kuliko uliyowahi kuifanya kwenye karakana yako. Kazungu sijawahi kumwona hata kivuli. Ile sauti ilirekodiwa kwa watu wote wenye uchovu kama wangu. Ungeniuliza tungeisikiliza pamoja. Nawe pia ulikuwa umechoka, nilikuwa nakuona.

Simu nyengine nimepewa na wenzangu wa Pumziko Letu. Jumatano iliyopita nilirudi kipindini. Mwalimu aliita jina langu nikaitika, na Mweri akaingiza uso wake wote kwenye kidirisha. Tangu siku ile ya barabarani jicho la kulia halijarudi lote. Nililitumia kwako. Sitatumia jengine.

Mweri hajambo. Haulizi kuhusu wewe mchana. Usimtumie zawadi, nitazirudisha.

Kesi itasikizwa mahakamani Shanzu mwezi ujao. Nitakuja. Karani amenipigia simu kuniuliza kama nitaweza kusimama kizimbani nitoe ushahidi. Nimemwambia wanitafutie kiti, nitasema yote nikiwa nimekaa.

Kafedha